Mkaa Unaofanya Kazi ya Platini

Kazi za mkaa tunazozijua sote ni kupikia, kupiga pasi na kufulia chuma. Katika habari hii nataka kuwaeleza kazi nyingine ambayo wataalamu wa nchi nyingi wanaishughulikia siku hizi, nayo ni kuisaidia oksijeni ipokee umeme unaotolewa na vijidudu vya tope. Nyumbani kwetu ni Wampembe, kando ya Ziwa Tanganyika, na shule yetu iko huku juu katika nyanda za Ufipa. Basi tope nimelikuta kwetu, mkaa nimeukuta huku, nami naona somo hili latufaa sisi wa Rukwa kama lifaavyo watu wa vyuo vikubwa.

Kwanza yapasa kueleza jinsi kijidudu kinavyoweza kutoa umeme, maana wengi wakisikia hucheka. Mtu akila ugali, mwili wake huuvunja ule wanga kidogo kidogo, na katika kuuvunja hutoka elektroni, yaani vile vipande vidogo mno vyenye chaji hasi ambavyo vikipita katika waya twaviita umeme. Elektroni hizo hazina budi kupata wa kuzipokea. Kwetu sisi mpokeaji ni oksijeni tunayoivuta puani. Ndiyo sababu mtu akizibwa pumzi hufa, hata kama tumbo lake limejaa chakula.

Sasa, vijidudu vikaavyo ndani ya tope havipati hewa. Ziwa letu lina kina kipitacho mita 1,400, lakini samaki wote tunaowala, dagaa na migebuka na wengineo, hukaa katika tabaka la juu tu. Ukishuka kadiri ya mita 100 hadi 200 hivi, oksijeni imekwisha, na toka hapo mpaka chini kabisa hakuna samaki awezaye kuishi. Hata tope la ufukoni, ukilichimba kwa mkono, utaona juu lina rangi ya kahawia na chini ni jeusi lenye harufu ya mayai yaliyooza. Hapo hewa haifiki. Vijidudu vya mahali pale vimejifunza kuzitoa elektroni zao kwa vitu vingine. Viko vinavyozitoa kwa kutu ya chuma iliyomo topeni. Jamii moja ya vijidudu hivyo huitwa Geobacter, na aina yake ya kwanza ilipatikana mwaka 1987 katika tope la mto Potomac huko Marekani. Kijidudu kama hicho ukikipa kipande cha kaboni badala ya kutu, hukipokea vilevile na kukimiminia elektroni zake.

Betri ya tope ni hiyo. Unazika kipande cha kaboni chini topeni. Hicho huitwa anodi. Unaweka kipande kingine juu, mahali penye hewa. Hicho huitwa kathodi. Unaviunganisha kwa waya. Elektroni hutoka kwa vijidudu, zikapanda katika waya, zikafika juu zikakutana na oksijeni, na njiani unaweza kuzitia kazi ndogo. Jina lake la kitaalamu ni seli ya fueli ya vijidudu. Jambo hili si jipya. Mwaka 1911 profesa mmoja wa mimea huko Newcastle, Uingereza, jina lake M. C. Potter, alionyesha kwamba chachu na bakteria vikila sukari hutoa umeme unaopimika. Lakini umeme wake ulikuwa mdogo sana, na watu wakauacha kwa miaka mingi.

Watu wengi wakisikia habari hizi hudhani kwamba shida iko kwa vijidudu. Sivyo. Vijidudu hufanya kazi yao bila kudai mshahara. Shida kubwa iko juu, kwenye kathodi, na hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Kazi itakiwayo pale ni hii:

O₂ + 4H⁺ + 4e⁻ → 2H₂O

Maana yake, molekuli moja ya oksijeni ipokee elektroni nne na haidrojeni nne zenye chaji, na matokeo yawe maji. Kwenye karatasi ni rahisi. Lakini atomu mbili za oksijeni zimeshikana kwa nguvu, hazikubali kuachana upesi, hata kama elektroni zimejaa mlangoni. Kwa hesabu za kemia, betri ya namna hii ingepasa kutoa kama volti 1.1, lakini hata isipotiwa kazi yoyote ni shida kuipitisha volti 0.8. Sehemu kubwa ya volti zinazokosekana hupotea hapo kwenye kathodi, katika kuibembeleza oksijeni.

Dawa ya ukaidi huo ni kichocheo. Mwalimu wetu wa kemia hupenda kusema kwamba kichocheo ni mshenga: huwaleta pamoja bwana na bibi, ndoa ikafungwa, na yeye mwenyewe akaenda zake bila kuolewa wala kuoa, tayari kwa harusi nyingine. Mshenga mashuhuri wa oksijeni ni platini. Watengenezaji wa seli za fueli wameitumia tangu zamani, na waliotengeneza seli za vijidudu wakawaiga. Lakini platini ni madini ya thamani, jamaa ya dhahabu. Ukiweka platini katika chombo cha kupata umeme mdogo kuliko wa betri ya tochi, umemlipa mshenga mahari kumi ili upate harusi ya chai na maandazi. Tena platini ni mshenga mwepesi wa kuugua. Ile hewa yenye harufu ya mayai yaliyooza, itokayo topeni na katika maji ya vyoo, huigandamia na kuifisha. Kwa hiyo mahali pale pale tunapotaka kuitumia ndipo inapoharibika.

Hapa ndipo mkaa ulipoingia. Mwaka 2009 wataalamu, miongoni mwao wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State huko Marekani, walitangaza kwamba wametengeneza kathodi bila platini hata chembe. Walichukua unga wa kaboni iliyoamilishwa, yaani mkaa uliochomwa kwa namna maalum ukatobokatoboka, wakaushindilia juu ya wavu wa nikeli pamoja na gundi ya plastiki isiyopitisha maji. Kathodi hiyo ilitoa miliwati 1,220 kwa kila mita ya mraba. Kathodi ya platini waliyoilinganisha nayo ilitoa miliwati 1,060. Nilipoyasoma hayo mara ya kwanza nilirudia tena, nikidhani nimegeuza tarakimu. Mkaa uliishinda platini!

Siri yake ni eneo. Chembe moja ya platini hufanya kazi upesi kuliko chembe moja ya mkaa; hilo halikubadilika. Lakini mkaa ulioamilishwa umejaa vitundu visivyoonekana kwa macho, na ukuta wa kila kitundu ni mahali ambapo oksijeni yaweza kupokelewa. Gramu moja tu yaweza kuwa na kuta zenye eneo la mita za mraba 500 hadi 1,500. Gramu 10, vijiko vichache vya chai, zina eneo linalokaribia au kupita kiwanja chetu cha mpira. Basi washenga ni wavivu kidogo, lakini ni wengi mno, na hawadai kitu. Tena seli hizi za vijidudu zenyewe huenda polepole, kwa hiyo mshenga mwenye haraka kama platini huwa anakaa bure akisubiri.

Mkaa una kasoro moja ambayo yafaa niitaje. Mara nyingine huipa oksijeni elektroni mbili tu badala ya nne, na hapo hayapatikani maji, hupatikana haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya kuoshea vidonda inayotoa povu. Umeme hupungua, na peroksaidi yaweza kuula mkaa wenyewe. Wataalamu wameona kwamba mkaa ukitiwa naitrojeni ndani yake, kasoro hiyo hupungua. Ukitiwa naitrojeni na chuma kidogo pamoja, hupungua zaidi. Njia hii ilifunguliwa mwaka 1964, wakati Raymond Jasinski alipoonyesha kwamba molekuli moja ya rangi, yenye atomu ya kobalti iliyozungukwa na naitrojeni nne, huweza kuipokea oksijeni kama platini inavyoipokea. Weka chuma mahali pa kobalti, na wanafunzi wa baiolojia mtaitambua sura hiyo mara moja: ndani ya damu yetu mna chuma kilichozungukwa na naitrojeni nne vivyo hivyo, nacho ndicho kibebacho oksijeni toka mapafuni.

Niliposoma habari za chuma na mkaa nikawakumbuka wazee wa Ufipa. Katika nyanda hizi bado yako mabaki ya matanuru marefu ya udongo yaitwayo malungu, yaliyokuwa yakiyeyusha mawe ya chuma. Yalipita kimo cha mtu, na hayakuhitaji mivukuto. Yalivuta upepo yenyewe kwa matundu ya chini. Baadaye chuma kilichopatikana kilisafishwa katika tanuru dogo lililovukutwa kwa mikono. Kazi hiyo ilikufa wakati wa ukoloni, vyuma vya kigeni vilipokuja kwa bei rahisi. Mle tanuruni mkaa haukuwa wa kutoa joto tu. Ulikuwa ukiinyang'anya oksijeni iliyoshikamana na chuma katika jiwe, na bila hivyo jiwe lingebaki jiwe. Sisemi kwamba wafua chuma wetu walijua habari za elektroni. Nasema tu kwamba mkaa na oksijeni ni majirani wa siku nyingi, na hapa Ufipa ujirani wao ulitumiwa kwa ustadi.

Joto la matanuru hayo lina fundisho jingine kwa mtu atakaye kutengeneza kathodi, nalo sisi wa chama cha sayansi tulilipima wenyewe. Tulichukua mkaa wa jikoni, tukaweka nchani zake nyaya mbili za mita ya umeme. Mita haikusogea, mkaa ule ulikuwa kama ukuni. Tukapeleka mkaa wa gunia lile lile kwa fundi mhunzi, akauzika katikati ya moto wake na kuuvukuta mpaka ukawa mwekundu unaokaribia weupe, kisha akaufunika kwa mchanga upoe bila hewa. Mkaa huo ulipopoa tuliupima, na umeme ukapita kwa urahisi. Sababu yake ni kwamba mkaa wa tanuri la udongo huchomwa kwa joto la chini, na atomu zake za kaboni bado zimekaa ovyo ovyo. Joto likipita digrii 700 au 800, huanza kujipanga katika vitabaka kama vya risasi ya penseli, na elektroni hupata njia. Hata hivyo tulichopata si kaboni iliyoamilishwa ya kiwandani, ambayo hupitishiwa mvuke katika joto kali ili itoboke. Sisi tuliuita mkaa wa kuchomwa mara mbili. (Wazazi wanaosoma gazeti hili wajue kwamba tuliifanya kazi hiyo nje, kwa fundi, maana moshi wa mkaa usioonekana huua watu waliolala vyumbani.)

Tulitengeneza ndoo nne. Kila moja tulitia tope la Wampembe, nililolileta katika dumu nilipotoka likizo, pamoja na kinyesi kidogo cha ng'ombe. Chini tulizika mkaa uliochomwa mara mbili, umezungushiwa waya wa chuma kisichoshika kutu. Juu ya tope tulitia maji, na usoni pa maji tukaelekeza kathodi. Ndoo ya kwanza kathodi yake ilikuwa waya ule ule mtupu. Ya pili ilikuwa vijiti vya kaboni tulivyovitoa katika betri kuukuu za redio, tukavisugua na kuvichemsha. Ya tatu ilikuwa mkaa wa kuchomwa mara mbili, uliopondwapondwa na kutiwa katika mfuko wa chandarua. Ya nne ilikuwa sawa na ya tatu, ila tope lake tulilichemsha kwanza saa nzima ili kuua vijidudu.

Ndoo hii ya nne ndiyo muhimu kuliko zote, ingawa wenzetu walituuliza kwa nini tunapika tope. Vijana wengi hutengeneza betri ya ndimu kwa zinki na shaba, taa ikawaka, wakasema ndimu ina umeme. Umeme ule hutoka katika zinki inayolika. Hata katika betri ya tope, mtu akitumia shaba au mabati, aweza kupata volti nzuri bila kijidudu hata kimoja kufanya kazi. Ukitaka kujua nani anafanya kazi, ondoa mmoja uone.

Baada ya majuma matatu, tukiwa tumeunganisha kila ndoo na rezista ya omu 1,000, mita ilisoma hivi. Waya mtupu, volti 0.06. Vijiti vya betri, volti 0.14. Mkaa wa kuchomwa mara mbili, volti 0.32. Ndoo ya tope lililopikwa ilikaa karibu na sifuri kwa siku nyingi, kisha ikaanza kupanda polepole, na hilo halikutushangaza, kwa sababu ndoo ilikuwa wazi na vijidudu havikosi njia. Vijidudu vya ndoo tatu za kwanza vilikuwa wamoja, tope moja, kinyesi kimoja. Kilichotofautiana ni kathodi peke yake.

Sasa tufanye hesabu, maana hapa ndipo magazeti mengi hukimbia. Nguvu ni volti mara volti, ugawe kwa omu. Volti 0.32 kwa omu 1,000 ni kama miliwati 0.1. Kitaa kidogo chekundu cha kwenye redio hutaka kama miliwati 2 ili kionekane vizuri gizani, yaani ndoo 20. Tena ndoo hizo haziwezi kutiwa katika beseni moja la maji ili kuongeza volti. Kila moja sharti iwe peke yake, la sivyo umeme hupita majini na kuzunguka bure.

Nilipokwenda likizo mjomba wangu, ambaye ni mvuvi wa dagaa, alisikia habari hizi kwa mama. Akaniita.

"Mama, hilo tope lenu litatoa taa ya kuvulia dagaa?"

"Bado, mjomba."

"Bado kwa kiasi gani?"

Nikamwambia kwamba hata tukikadiria taa yake kuwa ya wati 5 tu, ingetaka ndoo 50,000. Akacheka mpaka akaketi. "Mtamaliza mwalo mzima," akasema.

Sikuudhika, kwa kuwa jibu lake ni la haki. Mtu anayetaka kuchaji simu au kuvua usiku anunue taa ya sola, asipoteze muda na ndoo za tope. Lakini iko kazi moja ambayo sola haiwezi kuifanya, nayo ni kusafisha maji machafu. Vijidudu hivi hutoa umeme kwa kula uchafu. Ukivilisha mkojo na maji ya choo, huvila, na maji yanayotoka huwa na uchafu mdogo kuliko yalivyoingia. Umeme ni kama ushuru wanaoutoa njiani.

Jambo hilo lilijaribiwa kwa kweli. Profesa Ioannis Ieropoulos na wenzake wa Chuo Kikuu cha West of England, Bristol, walitengeneza choo cha haja ndogo ambacho taa zake huwashwa na mkojo wenyewe. Mwaka 2015 walikiweka katika tamasha la muziki la Glastonbury, Uingereza, ambapo watu kama 1,000 walikitumia kila siku. Kilikuwa na seli 432, na kwa wastani zilitoa miliwati 300. Kwa miliwati 300 simu ya kawaida yenye betri tupu ingechukua zaidi ya siku mbili kujaa. Lakini taa za choo ziliwaka. Seli za kikundi hicho hutengenezwa aghalabu kwa vyungu vya udongo uliochomwa bila kupakwa rangi ya kioo, na kathodi zake ni za kaboni iliyoamilishwa. Udongo na mkaa! Mtu asiyejua angedhani ni vyombo vya gulio la Sumbawanga.

Mwaka 2017 wakakileta Afrika Mashariki. Walikijenga Kisoro, kusini magharibi mwa Uganda, katika shule ya sekondari ya wasichana ya Seseme, ambayo ni shule ya bweni kama yetu, ili vyoo vyao vipate mwanga usiku. Wasichana wa bweni wanaosoma habari hii hawahitaji maelezo zaidi. Kwenda chooni saa nane za usiku penye giza si jambo dogo, na watu wengi hupendelea kujizuia mpaka alfajiri, jambo ambalo si zuri kwa afya. Taa ya miliwati 300 haisomeshi mtu kitabu, ila humwonyesha nyoka na shimo.

Kabla ya hapo, mwaka 2008, nchini mwetu kikundi cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard, kadhaa wao Waafrika, walifanya majaribio katika kijiji cha Leguruki, mkoani Arusha. Walitumia ndoo, samadi na kitambaa cha kaboni, na jamaa sita wakapata umeme wa saa chache kila usiku. Napenda kuitaja habari hiyo kwa sababu wako wanaodhani kwamba mambo haya ni ya maabara za Ulaya tu. Ndoo na samadi Leguruki walikuwa nazo. Kitambaa cha kaboni ndicho wasingeweza kukipata dukani, na kwa maoni yangu hicho ndicho kingepasa kupatiwa mbadala wa hapa hapa kabla ya kitu kingine chochote.

Nasema mbadala, lakini simaanishi tukate miti. Miombo yetu imekwisha kuteswa vya kutosha na mkaa wa kupikia, na itakuwa aibu kusafisha maji kwa kumaliza msitu. Mkoa wa Rukwa ni mkoa wa mahindi. Kila mavuno magunzi hutupwa au huchomwa ovyo, na magunzi ni mojawapo ya vitu vitumiwavyo duniani kutengenezea kaboni iliyoamilishwa. Hayo chama chetu kimeyaandika kuwa jaribio la muhula ujao: magunzi yaliyochomwa mara mbili kwa mhunzi, yashindane na mkaa wa mti katika ndoo mbili zenye tope moja.

Yamebaki mambo mawili ya kazi kwa shule nyingine itakayopenda kujaribu. La kwanza ni baridi. Vijidudu hufanya kazi polepole kukiwa baridi, na mwezi wa sita huku juu ndoo zetu zilishuka kila alfajiri na kupanda tena mchana. Ndoo kama hizo zikiwa Wampembe, ambako ni joto mwaka mzima, nadhani zingesoma zaidi, na ndugu yangu wa darasa la saba amekubali kunipimia moja.

La pili ni kutunza kathodi. Baada ya miezi kadhaa mkaa hufunikwa na utando wa vijidudu na chumvi nyeupe iliyoganda, vitundu vikazibwa, na volti zikashuka. Wataalamu huziosha kathodi zao kwa asidi hafifu, na nguvu hurudi kwa sehemu kubwa. Sisi tulitumia maji ya ndimu. Tulitoa mfuko wa mkaa katika ndoo ya tatu, iliyokuwa imeshuka mpaka volti 0.21, tukauloweka katika maji ya ndimu usiku kucha, tukausuuza vizuri, tukaurudisha. Baada ya siku mbili mita ilisoma 0.29. Ndimu nne zilitosha, nazo zisibanwe chomboni cha bati, maana asidi yake hula bati na kuuingiza uchafu wa chuma mle mle mnamotaka kusafisha.